Viti vya Kuazima

Jumatano, tarehe ishirini na tatu Septemba. Kulikucha bila umande. Upepo wa vumbi ulianza kabla jua halijapanda, ukawa unapigapiga mabati ya ghala la kijiji kama mtu anayebisha hodi na hafunguliwi. Anga lilikuwa jeupe, halina hata wingu moja la kumdanganya mtu.

Watu walikuwa wamekwisha kujaa kando ya ghala, upande wenye kivuli. Kamati ilikuwa inasoma majina ya kaya thelathini zitakazoingia kwenye mradi, na mradi wenyewe kila mtu aliujua kama anavyoijua sala yake. Kaya zilizochaguliwa zingechimba lambo la kukinga maji ya mvua na kupewa posho ya chakula kila wiki. Lambo likiisha, kila kaya ingepimiwa kipande cha bustani chini ya tuta lake, na kupewa mbuzi jike wa maziwa. Sharti lilikuwa moja tu: ziwe kaya maskini kuliko zote. Kwa hiyo wiki iliyopita afisa wa mradi, binti mmoja mwenye buti na sauti ya upole, alipita nyumba kwa nyumba na kamati ili kuona kwa macho.

Fundi Kamba alisimama mbele kabisa, shati lake limechomekwa vizuri. Jina hilo alipewa kwa kazi yake. Alisokota kamba za katani tangu ujana, za kufungia mifugo na za kuvutia ndoo visimani, mpaka kamba za plastiki zilipoingia dukani. Sasa ilikuwa mwaka wa pili hajauza kamba ya maana. Kila jina lilipotajwa alitikisa kichwa taratibu, kama anayesema, huyo kweli anastahili, na mimi nafuata.

Jina la ishirini na tisa likasomwa. La thelathini lilikuwa la Mama Taa, jirani yake, mjane aliyepewa jina hilo kwa kuwa wa kwanza kumiliki taa ya jua pale kijijini. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Taa mwenyewe akakaa chini ghafla kama aliyekatwa miguu.

"Mwenyekiti," Fundi Kamba akasema, "umeruka ukurasa."

"Ukurasa ni mmoja tu, Fundi."

"Hebu geuza nyuma."

Mwenyekiti akaigeuza ile karatasi, akaiinua juu watu wote waone. Nyuma kulikuwa kweupe.

"Wewe umo kwenye kundi la wanaojiweza," Mwenyekiti akasema. "Hongera, ndugu yangu. Mwenye malalamiko aje kesho, tutasikiliza hapahapa."

"Tajiri wetu!" Kinyozi wa kijiji akapaza sauti kutoka nyuma. "Na sisi tukikwama, mlango tunaujua!"

Watu wakacheka. Fundi Kamba naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote, na mkewe, aliyekuwa amesimama na wanawake wenzake, akautazama mchanga.

*

Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja na kibanda cha kupikia. Mama mzazi wa Fundi alilala kwenye rundo la makapi ya katani lililofunikwa gunia, maana mguu ulikuwa umemvimba na sakafu ilimuumiza. Kando yake alikaa mtoto wao wa mwisho, nywele zake zimekuwa chache na nyekundu kama ndevu za mahindi. Juzi muuguzi wa zahanati alimshika mtoto huyo mkono, akauzungusha kwa vidole viwili, akasema: "Mama, huyu anataka maziwa na chakula, hataki dawa. Msipompa, mvua ijayo haitamkuta." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyekwisha kusema hivyo mara nyingi.

"Wanaojiweza," mke akasema, akilishusha dumu tupu.

"Nimesikia."

"Kijiji kizima kimesikia."

"Wale watu hawana macho."

"Wanayo, baba watoto. Waliona viti vinne. Waliona godoro. Waliona na taa ya jua inaning'inia pale juu kama mwezi. Ulitaka waone nini tena?"

Fundi akachukua nyuzi za katani akaanza kusokota kamba ambayo hakuna aliyeiagiza. Siku ile ya ukaguzi yeye ndiye aliyesema mgeni hawezi kukalishwa chini nyumbani kwake. Alimtuma mkewe kwa Mama Taa alfajiri, wakabeba viti viwili viwili vichwani, wakarudi kuchukua godoro, na taa ikaja mwisho imefichwa ndani ya khanga. Mama Taa hakuuliza mengi. Alisema tu, "Mgeni ni mgeni," akasaidia kubeba.

"Na ulipoulizwa tunakula mara ngapi kwa siku, ulijibu nini?"

"Achana na hayo."

"Niambie."

"Nilisema mara tatu."

"Mara tatu! Hata mimi niligeuka kutazama mlangoni, niione hiyo familia inayokula mara tatu inapita wapi."

Bibi akacheka kidogo kutoka kwenye makapi yake, kisha akakohoa. Fundi akaiacha kamba.

"Ungekuwa wewe ungesemaje? Binti mdogo kama yule, ana umri wa mdogo wangu wa mwisho, ananiuliza mbele ya mama yangu mzazi kama ninamlisha! Mbele ya Mwenyekiti! Nimwambie nini? Nimwambie jana tulichemsha maji tukawadanganya watoto mpaka wakalala?"

"Ndiyo," mkewe akasema. "Hivyo hivyo. Kama ulivyosema sasa."

Masikini hana siri, watu husema, lakini si kweli. Masikini ndiye mwenye siri nyingi kuliko mtu yeyote, na hutumia nguvu zake zilizobaki kuzilinda.

"Kesho utasimama," mke akasema.

"Nitasimama."

"Uwaambie vitu havikuwa vyetu."

"Nimesema nitasimama." Akashusha sauti. "Lakini umefikiri ni nani aliyeingia badala yetu?"

Mkewe alikuwa amefikiri. Njia nzima ya kurudi hakufikiri jambo lingine. Siku ile, baada ya kutoka kwao, wakaguzi walikwenda moja kwa moja kwa Mama Taa, wakakuta chumba kitupu, mkeka na sufuria mbili, wakadhani vingine ameviuza kwa shida za ujane. Vitu vyake vyote vilikuwa huku, vikimfanya Fundi Kamba aonekane mtu. Mama Taa alikuwa na mtoto wa kiume aliyemtumia chochote pale alipopata, na hakuwa amewahi kulala njaa wiki nzima. Lakini tajiri hakuwa. Alikuwa anajikongoja tu, hatua moja mbele yao.

*

Jioni mke wa Fundi alikwenda kwa jirani. Alikaribishwa kiti, kiti kilekile alichokibeba kichwani, naye akakikalia ukingoni kama kinachomwunguza.

"Mdogo wangu, leo sijui nimshukuru vipi Mungu," Mama Taa akasema. "Niliomba tangu mume wangu azikwe. Nilisema, Bwana, mimi sitaki makuu, nipe tu kitu changu ambacho sitasubiri kutumiwa. Maana kusubiri kutumiwa nako ni kazi. Unakaa unaitazama simu kama unaangalia sufuria ichemke."

"Hongera, dada."

"Na nyie mmekosaje? Nilishangaa."

Mke wa Fundi akaangalia mguu wa kile kiti. Kulikuwa na mahali palipofungwa kwa kamba ya katani, kazi ya mumewe ya zamani.

"Dada, ulishangaa kweli?"

Mama Taa akainuka, akapangusa taa isiyokuwa na vumbi.

"Unataka kuniambia nini?"

"Kesho tutasimama kulalamika. Tutasema vitu vilikuwa vya kuazima. Nimeona nisikuzunguke, nikuambie mwenyewe."

"Aha." Akaendelea kupangusa. "Ukisema vya kuazima, watauliza vya nani."

"Sitakutaja."

"Nchi hii kuna nani mwingine mwenye taa na godoro, mke wa Fundi? Waziri?" Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ndogo. "Mimi niliwapa viti. Sikuwapa bahati yangu."

"Mtoto wangu anaisha, dada."

"Namwona. Sina macho?" Akaketi, akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Simama kama utasimama. Siwezi kukukataza useme kweli, nitamwambia nini Mungu? Lakini jina langu lisitoke kinywani mwako. Unisitiri kama nilivyokusitiri."

Mke wa Fundi akaahidi. Alipotoka hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alisimama nyuma ya ua wa miiba, akaomba bila kufumba macho. Hakuomba wachaguliwe. Alijua kwamba kuomba hivyo ni kumwomba Mungu amnyang'anye jirani. Alisema tu: Bwana, sina maneno. Nipe miguu ya kusimama.

*

Kesho yake watu walikuwa wengi kuliko siku ya majina, maana malalamiko yana utamu wake. Bibi mmoja alilalamika kwamba kuku aliohesabiwa ni wa mkwewe. Mzee mmoja alilalamika kwamba alilalamika mwaka juzi na hajajibiwa. Afisa aliwasikiliza wote kwa adabu.

"Fundi Kamba," Mwenyekiti akaita.

Fundi akasimama. Akakohoa, akalivuta shati lake. Mkewe aliuona mgongo wake ukinyooka, naye akashusha pumzi.

"Mwenyekiti, afisa, wanakamati, na ndugu zangu wote. Mimi nimesimama hapa..." Akatazama watu. Akamwona Kinyozi, mdomo uko tayari kabisa. Akawaona vijana aliowahi kuwafundisha kusokota kamba. Akamwona Mama Taa amejifunika khanga mpaka kwenye nyusi. "Nimesimama hapa kuwashukuru wageni wetu kwa kazi nzuri. Wamefanya haki. Mungu awabariki. Ni hayo tu."

Akakaa.

Watu walipiga makofi machache, ya mashaka. Afisa akatabasamu, akamshukuru na yeye. Fundi akaishusha kofia yake machoni.

Mkewe akasimama. Hakuitwa na mtu.

"Mume wangu ameona haya," akasema. "Mimi pia naona haya. Lakini mtoto wetu hajui haya ni nini, yeye anajua njaa tu. Vile vitu mlivyoviona kwetu si vyetu. Tuliazima. Hatuli mara tatu. Siku nyingine hatuli hata hiyo moja."

Kicheko kikaanza pembeni, kikaenea.

"Nguo ya kuazima haisitiri makalio!" Kinyozi akasema.

"Nyamaza wewe," afisa akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya upole. Akamgeukia mke wa Fundi. "Mama, mliazima kwa nani?"

"Mwenyewe simtaji."

"Basi hapo kuna shida," Mwenyekiti akasema. "Kitu kisicho na mwenyewe ni cha aliyekutwa nacho. Mbona kila aliyekosa atakuja aseme ameazima hata paa?"

"Njooni mwone," mke wa Fundi akasema. "Sasa hivi. Hatukujua mtakuja, hatukujiandaa. Njooni wote."

Wakaenda. Si kamati peke yake, bali kijiji, watoto mbele na vumbi nyuma, kama watu wanaosindikiza maiti au bibi harusi. Fundi Kamba alitembea katikati yao, na mtu yeyote aliyekuwa karibu naye alijikuta anasogea kidogo pembeni, akimwachia nafasi ambayo hakuitaka.

Mlango ulikuwa wazi. Afisa aliinama akaingia, Mwenyekiti akafuata, na wengine wakajazana mlangoni na kwenye dirisha lisilo na ubao. Chumba kilionekana chote kwa mara moja. Kamba zilizosokotwa zilining'inia ukutani, nyingi, nzuri, hazina mnunuzi. Sufuria ilikuwa imefunikwa. Afisa akaifunua, akaifunika tena haraka kama aliyefungua mlango wa bafu na kukuta mtu ndani.

Bibi akajiinua kwenye makapi yake kwa kiwiko. Macho yake yalikuwa na ukungu, lakini aliona buti, akajua ni wageni.

"Karibuni, karibuni wanangu. Poleni na jua." Akapapasa hewani kutafuta kitu cha kuwapa. "Fundi! Wageni wamesimama! Mbona hujaenda kuazima viti? Nenda kwa Mama Taa mwanangu, ni mwungwana yule, safari ile alitupa mpaka na godoro. Mwambie ni kwa muda mdogo tu."

Hakuna aliyecheka. Hata Kinyozi aliondoa kichwa chake dirishani.

Fundi Kamba alisimama kizingitini. Aliwahi kufikiri kwamba siku watu watakapoona ndani ya nyumba yake atakufa. Hakufa. Alisimama tu, na mama yake aliendelea kumtazama akisubiri aende.

"Nitaenda, mama," akasema.

*

Uamuzi ulitolewa palepale uani, maana hakuna aliyekuwa na nguvu ya kurudi ghalani. Kaya ya Fundi Kamba iingizwe. Mwenyekiti alisema kwa kifupi, akitazama mbali. Nafasi zilikuwa thelathini, hazikuongezeka wala hazikupungua, na afisa alieleza jambo hilo mara mbili kana kwamba mara ya pili lingekuwa jema zaidi. Kaya ya Mama Taa itoke.

Mama Taa akafika mbele. Ile khanga alikuwa ameiteremsha mabegani.

"Sina kesi," akasema. "Walipokuja kwangu waliona nyumba tupu, nami nikanyamaza. Nilijua vitu vyangu viko wapi. Nilijiambia sijasema uongo, nimenyamaza tu. Basi. Na mimi nimeaibika, mniongeze humo."

Mke wa Fundi akamsogelea kumshika mkono. Mama Taa akautoa mkono wake, si kwa nguvu, lakini akautoa.

"Dada, sikukutaja."

"Najua. Bibi hana kosa, na wewe huna kosa. Mwenye maneno na mimi ni mumeo."

Fundi Kamba akaja. Watu wakajipanga duara bila kuambiwa.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "tutazungumza nyumbani, mimi na wewe. Sitakusahau. Bustani ile tutagawana."

"La. Nyumbani hapana." Mama Taa akatikisa kichwa. "Wewe ndani ya nyumba ni mtu mwingine na mbele ya wageni ni mtu mwingine. Mimi nataka yule wa mbele ya watu. Sema hapa."

"Nimesema tutagawana."

"Nani amesikia?" Mama Taa akawauliza watu.

"Sisi wa nyuma hatujasikia," sauti ya mwanamke ikajibu.

Fundi akapandisha sauti. "Nimesema, bustani tutakayopimiwa chini ya lambo, nusu ni ya Mama Taa."

"Nusu ipi?"

Akasita. Wote waliokuwa pale walikuwa wakulima wa nchi kavu, hawakuhitaji kuelezwa. Kila kipande kingekuwa na upande wa juu, unaogusa tuta, ambako unyevu ungekaa hata miezi ya ukame, na upande wa chini, ambao ungekuwa mchanga kama mchanga mwingine wote. Fundi Kamba alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa amembeba mtoto kiunoni, na mkono mwembamba wa mtoto ulikuwa umeshika ukosi wa gauni lake. Hakumsaidia kwa neno wala kwa ishara. Alingoja, kama walivyongoja wengine.

Upepo ukapita na vumbi, watu wakafumba macho, wakafumbua.

"Upande wa maji," akasema.

"Sema wasikie."

Fundi Kamba akavua kofia yake. Akamgeukia Mwenyekiti, akamgeukia afisa, akawageukia watu wa kijiji chake waliokwisha kuona hata ndani ya sufuria yake, na safari hii hakuuficha uso.

"Mimi Fundi Kamba, ambaye sina kiti, nasema mbele yenu nyote na mbele ya Mungu: Mama Taa atalima upande wa maji, na mimi na watoto wangu tutalima upande wa chini, mwaka huu na miaka yote nitakayokuwa hai. Na nikija kusema vingine, nyie mlionisikia leo mnisute."